Mayimuna Anafunika Vikombe

Njia panda ya Kikorongo, enzi zile barabara ya Bwera ilipokuwa haijaonja lami, kijiwe kilikuwa ubao wa mlango wa nyuma wa lori, umelazwa juu ya ringi mbili za magurudumu na kuegemezwa ukuta wa mabati wa stoo ya pamba. Ukikaa hapo mchana, jua limesinzia juu ya mbuga na milima imejifunika wingu gubigubi kama mgonjwa wa malaria, unasahau kama uko macho au umelala. Malori yaliyotoka Bwera na Munkunyu kwenda stesheni ya Kasese yalimaliza kupanda kilima mbele ya kijiwe hicho, yakasimama kupumua: mengine yakifoka mvuke, mengine yakivuja, mengine yakizimika kabisa mpaka kesho. Ndiyo sababu Mayimuna aliuza kahawa yake hapo, maana dereva aliyeharibikiwa hana haraka. Majina ya kiwandani hakuna aliyeyatumia. Lori lilipewa jina la sura yake. Kulikuwa na Pua Ndefu, kulikuwa na Uso Bapa, na kulikuwa na lile jeusi lenye mgongo wa duara, aina ya zamani, waliloliita Kobe.

Alisi hakuja kwa ajili ya kahawa. Kesho yake, mjini Kasese, alitakiwa kusimama mbele ya kamati ya wakulima wa pamba wa Munkunyu na kutaja jina moja tu: lori gani linunuliwe. Walimchagua kwa kuwa alisoma madarasa mengi kuliko wao, kana kwamba shuleni watu hufundishwa malori. Msimu uliopita lori la kukodi lilizimika pale pale kilimani, mvua ikanyesha mpaka alfajiri, na pamba iliyotoka nyumbani safi ikafika stesheni imefifia, ya manjano, inanuka kama nguo iliyosahauliwa kwenye beseni. Magunia ya mama yake yalikuwemo. Mama hakulalamika. Alirudi shamba akapanda tena, na kunyamaza huko ndiko kulikomnyima Alisi usingizi. Akikosea safari hii, lori hilo litaitwa "la Alisi" mpaka wajukuu.

— Umefika mahali penyewe, dada Alisi, alisema Gidioni. Jina lake la kijiweni lilikuwa Asilimia. Aliwahi kufanya kazi kwenye mizani ya magari, na tangu hapo hajapata kusema neno bila kulitundikia asilimia. — Hesabu yangu ni ya kisayansi. Pua Ndefu, asilimia sabini. Uso Bapa, asilimia thelathini. Soko limekwisha gawanywa hivyo, hata ukienda Kampala.

— Na Kobe? aliuliza Alisi.

— Sifuri. Kobe imekufa. Yule mzee mwenye duka nyuma ya stesheni anayeuza Kobe, huyo anauza majeneza.

Wote wakacheka. Alisi naye akacheka kidogo, kwa adabu. Watu wa namna ya Asilimia alikuwa amewaona wengi: huvaa tarakimu kama wengine wanavyovaa tai. Lakini mtu akizama hushika hata tai.

— Kimya! alifoka Okot, dereva wa jeshi mstaafu, ambaye kijiwe kilimwita Afande Gia. Alifoka hata alipokuwa anaomba sukari. — Pua Ndefu nimeendesha mimi. Ile lori iko na nidhamu. Kabla ya kufa inaomba ruhusa: puu, puu, puu. Dereva anajua, anatafuta jiwe ya kuweka nyuma ya gurudumu. Uso Bapa inakufa kama mlevi, bila taarifa!

— Afande, weye unapenda kamyo ya kuomba ruhusa? Kamyo haiko kuruta! Huyu alikuwa Syahuka, Papa Kamyo, mfanyabiashara aliyevuka mto wa mpakani kule Mpondwe mara nyingi mpaka Kiswahili chake kikabaki ng'ambo, na lori akaliita kamyo. — Uso Bapa iko muzuri. Juu ya nini? Moteri iko ndani, pamoja na dereva. Ikilala, mutu analala na joto yake. Mu Pua Ndefu, kamyo inalala huku, mutu anakufa baridi kule.

— Kwa hiyo bora ni ile inayolaza vizuri? aliuliza Alisi.

— Vwala, ndiyo hiyo, mama! Umesikia.

Mayimuna akatandaza kitambaa juu ya vikombe na kukiwekea mkono. Wote watatu wakainamisha vichwa, wakafumba macho, na Alisi akafumba kwa kuwaiga. Kishindo kikaja, kikawapita, vumbi likawaangukia kimya kimya kama unga unaochekechwa. Mayimuna akakunja kitambaa. Papa Kamyo akatema mate pembeni. Mazungumzo yakaendelea, kama vile jirani tu amepiga chafya.

— Swali si ipi inalala, alisema Asilimia. Swali ni kwa nini zinalala hapa.

— Hiyo inajulikana, akasema Afande Gia. Lori ni kama kuruta wa kwanza. Imezaliwa nchi tambarare, haijaona kitu. Inapanda hapa, mara mlima ya Rwenzori inafungua wingu, inaonyesha barafu yote. Lori inaona. Moyo inasimama.

— Lori halina macho, Afande, alisema Asilimia.

— Na ile taa mbele ni nini? Matiti?

Mayimuna akamtazama kwa jicho moja, na Afande akaomba radhi kwa kikombe chake.

— Hapana, hapana, alisema Papa Kamyo. Ni mambo ya kukosa adabu tu. Kwetu kamyo mupya hatuibebeshe kitu. Tunaitembeza kwanza mutupu, pole pole, tunaionyesha: hapa ni daraja, hapa ni kona mubaya, hapa iko mbuzi ya mama fulani. Ikisha kujua njia, inabeba. Ninyi munaitoa mu duka, munaitupia pamba. Wazee walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mupe jembe. Ninyi munamupa jembe akiwa bado anasalimia!

Asilimia akangoja kicheko kiishe, akapangusa miwani isiyokuwa na kioo kimoja.

— Ninyi mnaongea mambo ya moyo na mbuzi. Hapa ni Ikweta. Mstari wa dunia unakatiza barabara hapo, karibu na ile kona. Lori likifika, pua iko kaskazini, mkia bado uko kusini. Mafuta ya mbele yanazunguka hivi. Ya nyuma yanazunguka vile. Yakikutana katikati, yanagombana. Na Pua Ndefu, kwa urefu wake, inakaa katika dunia mbili muda mrefu kuliko zote. Ndiyo maana inasimama hapa kuliko zote.

— Si ulisema ndiyo bora kuliko zote? aliuliza Alisi.

— Ndiyo! Kwa kuwa inavumilia dunia mbili! Uso Bapa inaruka mstari kama mwizi wa kuku.

— Lakini, kaka, alisema Alisi, akijisikia mjinga na kuchukia kujisikia hivyo, mbona ile inayosimama sana ndiyo mnaisifu?

Asilimia akamhurumia kwa tabasamu.

— Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sasa tazama barabarani: lipi limejiuza kwetu, na lipi linajitembeza tu?

Kitambaa kikatandazwa tena. Vichwa vikainama. Safari hii Alisi alikaa na macho yaliyofumbwa hata baada ya kishindo kupita, kwa maana nyuma ya kope kulikuwa na ubaridi. Akauona ule mstari wa dunia: uzi mwembamba wa pamba, umetandikwa barabarani kutoka nyasi hadi nyasi. Malori yakiufikia yalipunguza mwendo, yakainua magurudumu moja moja kama wanawake wanavyoinua nguo kwenye tope, yakavuka bila kuukanyaga. Nyuma yao alikuja mama yake, amebeba wingu zima kichwani, jeupe, kavu. Hakuwa na haraka. Alipita mbele ya kijiwe bila kugeuka.

Alipofumbua macho, kahawa ilikuwa imepoa na Afande Gia alikuwa anapiga meza isiyokuwapo. Upande wa pili wa njia panda Pua Ndefu moja ilikuwa imesimama, kinywa wazi, dereva wake amelala chini ya bodi, miguu nje. Alisi akaitazama. Ilikuwa na sura ya kuaminika, kama kasisi aliyezeeka. Asilimia sabini. Watu wengi kiasi hicho hawawezi kukosea pamoja. Akalijaribu jina hilo mdomoni, taratibu, jinsi atakavyolitaja kesho mbele ya kamati, na likakaa vizuri. Akafungua kinywa ili awaage.

— Wazee, hamjambo.

Alikuwa mwanamke mrefu mwenye mzigo kichwani na kuku kwapani, viatu mkononi ili visichafuke. Aliitwa Amony, alisema, mumewe alikuwa askari wa kambi ya Kasese, na alitaka kujua basi liko wapi.

— Litakuja likipenda, alisema Mayimuna. Keti, unywe.

— Asante mama, sitakaa. Mimi natoka mbali na geti ya kambi inafungwa mapema. Nataka lori. Ninyi munajua malori?

Kijiwe kilicheka kama mabati yanavyocheka mvua ya kwanza.

— Sisi! akasema Afande Gia. Dada, umeuliza samaki kama anajua maji.

— Sawa, afande. Basi niambieni: ile ambayo haisimamangi hapa ni ipi? Hii ya kulala-lala sitaki. Nipe sura yake, niende kuisimamisha kule mbele.

Asilimia akainua kidole.

— Ile isiyosimama ni... asilimia...

Kidole kikabaki hewani. Nzi akakizunguka, akatua, akaondoka.

— Sisi tunajua zilizosimama, alisema Afande Gia, na kwa mara ya kwanza hakufoka.

— Zilizosimama hata mimi naziona. Amony akaielekezea kidevu ile miguu iliyotokeza chini ya Pua Ndefu. — Zingine?

Papa Kamyo akajikuna shingo. Wote wakamgeukia Mayimuna.

— Mama Mayimuna, weye ndiyo unazisikia mbele ya sisi.

— Kusikia nasikia. Lori la kusimama linalia chini chini, kama mtu anayetafuta choo. La kupita linalia juu. Likilia juu, mimi nafunika vikombe.

— Na iko na sura gani?

— Macho nafumba, Papa. Kama ninyi.

— Ni mengi? Alisi aliuliza, na sauti yake mwenyewe ikamshtua.

Mayimuna akakitazama kitambaa chake. Asubuhi kilikuwa cheupe. Sasa kilikuwa na rangi ya barabara, isipokuwa alama ya kiganja katikati.

— Mkono unachoka, mwanangu, alisema.

— Hizo hazina takwimu, Asilimia akanong'ona. Huwezi kuhesabu upepo.

Alisi alichukua kikombe chake, akavuka barabara.

— Dada Alisi! Huko hakuna kivuli!

— Huko hakuna kahawa!

Kweli, hakukuwa na kitu: nyasi zilizoungua na jiwe lenye joto. Lakini upepo wa ziwani ulikuja kwa nyuma yake, ukachukua vumbi lote la barabara na kulipeleka upande ule mwingine. Akaketi juu ya jiwe. Amony akaja, akasimama kando yake na kuku wake, akiangalia kilima. Kutoka hapo kijiwe kilionekana kidogo sana, wanaume watatu na birika, kama picha iliyosahauliwa ukutani.

Ng'ambo, mkono wa Mayimuna ukatandaza kitambaa. Vichwa vitatu vikainama kama kwenye sala.

Alisi hakufumba macho. Mgongo mweusi wa duara ulichomoza kilimani, umebeba magunia mpaka juu, hauna haraka na hauna mvuke. Dereva alikuwa anakula hindi la kuchoma kwa mkono mmoja. Amony akapunga, dereva akampungia kwa hindi lake, akapita. Vumbi likaondoka nalo, likavuka, likawafunika wale watatu na stoo yao.

— Kobe, alisema Alisi, taratibu.

Vumbi lilikuwa halijatua vizuri mkono ukatandaza tena. Kobe. Baadaye Uso Bapa moja nayo ikapita, kwa haki lazima isemwe, ikikohoa. Kisha Kobe jingine, jekundu kwa udongo wa huko Bwera, likavuka ule mstari wa dunia bila hata kubadilisha sauti. Alisi akanywa kahawa yake iliyopoa na kushangaa ladha yake, mpaka akagundua kuwa haikuwa na mchanga.

— Umeona nini? Asilimia alipaza sauti, akisugua macho.

— Fungua macho uone! Amony akamjibu.

— Nikifungua, vumbi!

Basi lilikuja lilipopenda. Alisi akavuka tena kurudisha kikombe, na Mayimuna akamshika mkono, akamvuta mpaka sikio lake likafika usawa wa mdomo.

— Ni ipi?

Alisi akamwambia. Mayimuna akageuka kuitazama ile Pua Ndefu iliyoachama. Dereva wake alikuwa ameamka na sasa anapiga makofi, anaita kahawa.

— Wanunulie watu wako, alisema. Mama yako apumzike. Lakini usilitangaze sana, mwanangu. Mimi nitamuuzia nani?

Akamimina kikombe cha dereva. Alisi akapanda basi nyuma ya Amony na kuku.

— Unashukia wapi, dada? aliuliza utingo.

— Nyuma ya stesheni, alisema Alisi.

— Kwa yule mzee wa majeneza?

— Kwa huyo huyo.

Basi likatetemeka, likakohoa, likashika njia ya Kasese. Kupitia kioo cha nyuma Alisi aliona vichwa vitatu vimekwisha kuinama, na mkono wa Mayimuna, aliyelisikia lori likilia juu, uko tayari juu ya vikombe.