Hajambo Iliyoandikwa Daftarini

Sikilizeni wanangu, sogeeni, sauti hii haiendi mbali tena. Niinulieni mto kidogo. Basi, inatosha.

Nimefua mashuka ya hospitali kuu miaka thelathini na mmoja, na shuka halijui kuficha: nikilikunjua tu, najua aliyelilalia alikufaje. Mzee mmoja mwenye bohari alikuwa na saratani kama hii yangu, lakini mashuka yake yalishuka kutoka wodi ya kulipia yamenyooka, maana muuguzi alikuwa naye hadi mwisho na dawa ya maumivu haikumkatikia. Ya watu wa mtaa wetu yalikuja yamepasuliwa kwa meno.

Nami waliponiambia tiba imeisha, daktari aliniahidi kwa kinywa chake kwamba nikifika nyumbani barua yake itakuwa imenitangulia zahanati, na muuguzi atakuja na dawa kila wiki. Barua haikufika. Hospitali na zahanati zinatazamana, bonde tu liko katikati, lakini hazisemezani, kama wake wenza walionuniana. Asante ya punda ni mateke. Hata hivyo muuguzi alisikia habari zangu kwa jirani, akatafuta namba, akapiga simu, na hapo ndipo nilipouzwa mchana kweupe.

Simu aliipokea kaka yenu mkubwa. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia hili, nimeuma upindo wa shuka. Muuguzi akauliza, "Mama hajambo?" Naye akajibu, "Hajambo, tunashukuru." Basi muuguzi akaandika daftarini alichoambiwa: hajambo. Hii wiki ya tatu hajatia mguu hapa, na simlaumu, ana wagonjwa arobaini na miguu miwili.

Na wewe mkubwa, usiniambie ilikuwa salamu tu, mwanangu. Salamu tunaijua sote: unasema hajambo, kisha unasema "ila", ndipo habari yenyewe inapoanza. Hiyo "ila" uliimeza, kwa kuwa uliona haya mgeni aingie akute ndoo na harufu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na aliyeumbuka ni mimi niliyekuzaa. Kikulacho ki nguoni mwako. Imeniuma kuliko hii saratani.

Nikifa, cherehani yangu ni ya kitinda mimba. Chumba hiki msikiuze wala msikigombee, akae humo yeyote atakayekuwa anauguza mtu. Nipeni maji... kidogo tu.

Kitinda mimba, vaa viatu. Nenda zahanati sasa hivi kwa miguu, usipige simu. Mwambie muuguzi: mama ana maumivu, halali wala hali. Mtajie na mwashi wa chumba cha nne, namsikia ukutani akisaga meno, naye hakuna aliyemwandika popote. Kisha vuka bonde, simama mlangoni kwa daktari mpaka akuandikie ile barua, uibebe mwenyewe.

Mungu awalinde nyote, awape watoto wenye kusema kweli. Na wewe mkubwa nimekubariki, baraka ya mama haibagui. Ila kukusamehe... nimejaribu tangu alfajiri. Maumivu yamekalia mahali pote, msamaha hauna pa kukaa. Nikipata dawa, hata saa moja ya utulivu, nitakusamehe, nataka sana.

Mwambieni mdogo wenu... asitembee. Akimbie.