Saini ya Springi

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tumkumbuke fundi wa makochi aliyefariki Jumanne, akiwa na miaka sitini na mmoja. Mtaani walimwita Springi. Alikuwa fundi hodari. Alikuwa pia na kijiba cha roho, na familia yake imetuomba tusilifiche hilo.

Alimwonea wivu mtu mmoja tu: mdogo wake, mwalimu. Springi aliwahi kukopa benki anunue cherehani ya kushonea ngozi. Mteja mmoja akatokomea na makochi kumi na mawili bila kulipa. Marejesho yakamshinda, benki ikamfungia akaunti. Deni alilimaliza kidogo kidogo, kwa miaka tisa. Muda wote huo mdogo wake alikuwa na kadi ya benki, na kila ilipochomoza mfukoni, Springi aliiona.

"Anaitoa makusudi," alimwambia mkewe.

"Anatafuta kalamu, baba watoto."

Miaka tisa, wasikilizaji, hakunywa chai kwa mdogo wake. Alikwenda, akakaa, akasema ameshiba.

Deni lilipokwisha, alikwenda kufungua akaunti mpya. Fomu ilitaka mdhamini mwenye akaunti palepale. Alizunguka kwa majirani siku mbili. Wote walikumbuka lile deni. Ukabaki mlango mmoja.

Mwalimu alikuja, akatia saini bila swali. Springi naye akatia yake. Karani akazitazama, akainua uso.

"Mzee, saini hizi ni za mtu mmoja. Na faili lako liliwahi kuwa na deni. Hii siwezi kuipitisha."

Ukweli ni huu: saini yake ya zamani aliichukia kama alivyolichukia deni. Akajifunza ya mdogo wake kwa siri, kwa chaki, juu ya mbao za makochi, mpaka mkia wa saini ile ukamkaa mkononi.

"Kaka, hii umeitoa wapi?" mwalimu akauliza.

Springi akasema, "Naitamani tangu zamani."

"Basi tia ile alama unayochora chini ya makochi. Ile hata mimi imenishinda. Nimeijaribu."

Karani akatoa fomu nyingine. Springi akachora sindano iliyopinda, uzi umeizunguka mara tatu. Akaunti ikafunguliwa.

Mwalimu anasimulia: "Kadi yake ilipotoka alikuja nyumbani, akaniomba yangu. Akaziweka mezani, akavua futi shingoni, akapima urefu, akapima upana. Akasema, 'Zinalingana.' Halafu akamgeukia mke wangu: 'Shemeji, chai iko wapi?'"

Tunawapa pole mjane, watoto na mwalimu. Nanyi, wasikilizaji wapendwa, kama yupo ndugu ambaye chai yake haiwashuki kooni, jiulizeni leo mnapima nini kwake.

Springi alikunywa vikombe vitatu.