Bustani za Tumu na Karai la Bakiri

Wasikilizaji wapendwa, amani iwashukie mlipo. Leo tunamkumbuka Tumu binti Karimu, mzaliwa wa Tanga, mkazi wa Malvern hapa Johannesburg. Alikuwa mchoraji wa vitabu vya watoto. Amefariki Agosti hii ya mwaka 2018.

Tumu alichora bustani kwa rangi za maji. Bustani tu. Alisimama nje ya nyua za watu, akachora mchicha ndani ya madebe na mtini ulioegemea ukuta. Hakuchora mtu wala mnyama, kwa kumcha Mola wake. Mchapishaji alipomwomba ndege, alichora tini lililodonolewa. Watoto wakamwona ndege asiyechorwa.

Sasa sikilizeni aibu. Siku ya tatu ya matanga, kaka yake, Bakiri, alizitumbukiza karatasi kumi na moja za michoro ya Tumu kwenye karai la maji. Ati anamsafisha marehemu dhambi ya picha!

Nusaiba, binti wa marehemu, alimshika mkono. "Eish, mjomba! Huo ni mchicha. Mchicha una roho?"

"Picha ni picha. Wewe mtoto wa Joburg wajua nini?"

"Na simba wa kwenye fulana unazouza mjini?"

"Ile ni biashara!"

Huyo ndiye mufti wetu, wasikilizaji wapendwa. Wanazuoni walikwisha kuruhusu miti na visivyo na roho, karne nyingi kabla babu yake Bakiri hajaijua alifu. Kilemba kizito, kichwa chepesi.

Jana akaja hapa studioni na tangazo. Ati tutangaze kwamba Tumu alitubu uchoraji kabla ya kufa, ili Nusaiba aone haya, aitoe michoro iliyobaki nayo ioshwe.

"Soma tu, Maalim," akaninong'oneza. "Maiti hajibu."

Hatusomi. Narudia: hatusomi. Tumu hakutubu mchicha. Michoro ishirini na sita iko kwa Nusaiba, na ibaki kwake.

Pole, mwanangu Nusaiba. Mola ampe mamako bustani ambayo jicho halijapata kuiona. Nasi wengine, kabla ulimi haujatamka "haramu", tujiulize tumeisoma wapi.

Nawe, Bakiri, pole. Mlizaliwa wawili, na tuliyemzika ndiye aliyekuwa mcha Mungu.