Hapana ya Kwanza ya Mama LaVonne

Wasikilizaji wapendwa, hapa ni redio yenu ya Torvik, Dakota ya Kaskazini, na saa hii yote ni ya mtu mmoja. Ni ya Mama LaVonne Brandvold. LaVonne mke wa marehemu Orrin Brandvold, wa ile nyumba nyeupe nyuma ya kanisa. LaVonne wa sauti ya pili kwenye kwaya. LaVonne mwenye gari la Buick, la rangi ya damu ya mzee. Alifariki mwezi Machi huko Mesa, Arizona, kwenye jua alilolipenda. Jumamosi iliyopita tulimzika hapa nyumbani, ardhi iliyoganda kwa baridi ilipolainika.

Kama uko jikoni, punguza moto usikilize. Kama uko kwenye trekta, endelea na kazi, tutapaza sauti.

Orrin na LaVonne walilima ngano na alizeti maisha yao yote. Walipozeeka walikodisha shamba, wakanunua kijumba kidogo huko Mesa. Tangu hapo, kila Novemba theluji ya kwanza ikishika paa, Orrin aliigeuza Buick pua kusini na kuondoka. Aliendesha mwenyewe, njia nzima. Malori ya kubeba magari hakutaka hata kuyasikia.

"Gari linalobebwa na gari lenzake ni mgonjwa," alikuwa akisema. "Buick yangu haiumwi."

Buick haikuumwa, kweli. Aliyeumwa ni Orrin. Macho yalianza kumtupa mkono, na mwaka mmoja, kwenye barafu ya Dakota ya Kusini, wakaingia mtaroni. Ardis, mdogo wake LaVonne, anakumbuka ile simu.

"Dada alinipigia kutoka mle mle mtaroni," Ardis ametuambia. "Akasema, Ardis, sisi wazima, ila tumeegesha vibaya kidogo. Vibaya kidogo! Gari lilikuwa limelala ubavu!"

Ndivyo alivyokuwa Mama LaVonne. Hakupenda kumsumbua mtu. Hata akiwa amelala ubavu, hakupenda kumsumbua mtu. Lishikeni hilo, wasikilizaji, maana ndilo lililotaka kumponza.

Mwaka uliofuata Buick ilipanda lori. Lori lile halipiti kwenye vichochoro vyetu, mnajua, hivyo magari hupakiwa kwenye uwanja wa ghala la nafaka. Dereva alikuwa Gurtej Dhaliwal, Mpunjabi wa Fresno, mtu wa kilemba na kicheko kirefu. Alilizunguka gari akipiga picha kila mkwaruzo, na Orrin nyuma yake akieleza: huu ni wa kulungu, huu ni wa mlango wa ghala, huu ni wa mke wangu.

"Mzee," Gurtej akamwambia, "gari lako lina makovu mengi kuliko askari."

Sheria za lori ni mbili. Gari liwe tupu ndani, na tangi liwe na robo tu ya petroli, kwa sababu kila kinachozidi ni uzito wa bure. Robo tangi. Hilo nalo lishikeni.

Robo tangi Mama LaVonne aliitimiza. Lile la gari tupu lilimshinda.

"Bibi-ji, ndani kusiwe na kitu," Gurtej alisema. Bibi-ji ndiyo heshima ya kwao, na hadi mwisho hakumwita jina lingine.

"Hamna kitu, mwanangu."

"Na taulo hili chini ya kiti?"

"Taulo ni sehemu ya gari."

Gurtej akalifunua. Ndani mlikuwa na lefse, mikate yetu ya viazi, imekunjwa vizuri. Akamega, akatafuna. "Bibi-ji! Hii ni roti, chapati ya kwetu!"

"Ni lefse."

"Ni roti ya viazi. Mama yangu anapika hii hii. Ila yake ina pilipili."

"Pole sana," Mama LaVonne akamjibu kwa upole wake wote. "Labda atajifunza."

Taulo likasafiri. Na chupa za jemu zilizofichwa chini ya gurudumu la akiba nazo zikasafiri, ingawa Gurtej anaapa hakuziona.

Basi, gari likafika Mesa, wazee wakiwa wametangulia kwa ndege. Gurtej akampigia simu Mama LaVonne. Lori haliingii mtaani kwao, akasema, lakini anaweza kulishusha gari na kuwapelekea hadi mlangoni. Je, awapelekee?

"Hapana, hapana, usijisumbue."

Gurtej, maskini, akaamini. Wazee wawili wakalifuata gari kwa miguu hadi uwanja wa duka kubwa, juani, LaVonne akichechemea na nyonga yake mbovu. Orrin alipomfikia dereva alimvuta pembeni.

"Kijana, nikupe siri. Mke wangu akisema hapana ya kwanza, bado hajaanza kuzungumza. Ya pili anakushukuru. Ya tatu ndiyo anakujibu."

Gurtej alicheka hadi akashika mlango wa lori. "Mzee, mama yangu kule kijijini ni hivyo hivyo! Kumbe mmetoka ukoo mmoja!"

Wasikilizaji wapendwa, nyinyi mnaonisikia hapa Torvik hamhitaji kuelezwa. Ukikaribishwa kahawa, unakataa. Ukikaribishwa tena, unakataa. Ya tatu ndipo unasema, basi, tone tu, kama ipo. Na ipo siku zote. Tumelelewa hivyo. Ni adabu nzuri, ila ukikutana na mtu anayeuliza mara moja, utakufa na kiu.

Orrin alifariki mwezi wa nane, mavuno yakiwa yamepamba moto. Oktoba mwana wao Curt akapiga simu kutoka Denver. Curt ni kijana wetu, amezaliwa hapa, lakini ameishi Denver miaka mingi na masikio yake yamezoea huko.

"Mama, mwaka huu utakwenda Arizona peke yako?"

"Ah, hapana. Nitabaki tu. Msisumbuke."

"Sawa, Mama," Curt akasema. Akapiga simu kwenye ofisi ya malori, akafuta safari ya Buick. Kwa nia njema kabisa.

Ardis anasema dada yake aliiweka simu chini, akakaa kwenye kiti cha Orrin, aproni bado kiunoni, chakula kikaungua.

Kuna jambo Curt hakulijua. Kabla hawajaanza kwenda kusini, kifua kilimlaza mama yake hospitali majira mazima ya baridi. Na vuli hiyo daktari alikuwa amemwambia bila kuzunguka: Mama, baridi nyingine ya hapa hutaimaliza. Hakumwambia Curt. Hakumwambia Ardis. Angewasumbua. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na Mama LaVonne alikuwa ameshaanza kukifungulia mlango, kwa adabu, akitanguliza kahawa.

Novemba Gurtej akaja. Akapakia magari pale ghalani, moja baada ya jingine, na mwisho nafasi moja ikabaki wazi. Akauliza, iko wapi ile Buick? Akaambiwa safari yake imefutwa. Akauliza, nani kaifuta? Watu wakainua mabega. Basi Gurtej akaliacha lori linanguruma, akapita katikati ya theluji kwa miguu hadi nyuma ya kanisa, akabisha hodi.

Haya alitusimulia mwenyewe Jumamosi, siku ya mazishi.

"Bibi-ji, pole kwa Mzee. Sasa, gari liko wapi? Huendi?"

"Hapana, mwanangu. Mwaka huu siendi. Kaa unywe kahawa."

Akakaa. Akanywa. Akauliza tena. "Bibi-ji, kweli huendi?"

"Asante kwa kuuliza. Hapana. Nina kila kitu hapa."

Sasa Gurtej akaomba akaisalimie Buick. Wakaenda kwenye banda la gari. Ilikuwa inang'aa, imeoshwa. Akaingia, akawasha swichi, akautazama mshale wa petroli.

Robo tangi.

Wasikilizaji, nani kati yetu anaacha robo tangi mwezi wa Novemba? Baridi ikianza tunajaza hadi juu, unyevu usije ukaganda kwenye mirija ya petroli, na theluji isije ikakukuta njiani huna kitu. Mtoto wa darasa la kwanza hapa analijua hilo. Mama LaVonne alilijua maisha yake yote.

"Bibi-ji," Gurtej akasema, bado ameshika usukani, "mtaa mzima umejaza matangi. Wewe una robo. Mtu anaacha robo kwa sababu moja tu."

Mama LaVonne alikuwa anaifuta boneti kwa pindo la aproni, mahali ambapo palikuwa safi tayari.

"Nakuuliza mara ya tatu. Unakwenda?"

Akalia. Tangu mazishi ya mumewe hakuwa amelia mbele ya mtu. "Basi," akasema, "kama nafasi ipo. Na kama si usumbufu."

"Nafasi ipo, Bibi-ji. Ofisini nitasema nao mwenyewe."

Gurtej naye machozi yalikuwa yanamlenga, na hakutaka yaonekane. Akatia gia ya nyuma upesi upesi, akatoka bandani, na kwa mbele pakalia paaa! Waya wa umeme, ule wa kupashia injini joto isigande usiku, ulikuwa bado kwenye soketi ya ukutani. Akaukata vipande viwili. Kila mmoja wetu ameshafanya kosa hilo mara moja, lakini si na gari la mjane. Gurtej akaruka nje, ameshika kichwa, anaomba radhi kwa lugha mbili.

Na Mama LaVonne akacheka. Akacheka hadi akaegemea ukuta. "Orrin alifanya hivyo kila mwaka," akasema. "Kila mwaka!"

Jioni hiyo alimpigia Curt.

"Lakini Mama, si ulisema hapana?"

"Nilisema mara moja tu, Curt!"

Curt amenipa ruhusa niseme haya hewani. Anasema pale pale kwenye simu alimuuliza mama yake mambo yote upya, moja moja, na kila moja akaliuliza mara tatu. Kwenye swali la tatu la afya, habari ya daktari ikatoka. Wiki hiyo hiyo alikuja hadi uwanja wa ndege wa Fargo, akapanda ndege na mama yake, akamfikisha Mesa kwa mkono wake.

"Nilimpenda mama yangu," Curt ametuambia. "Ila nilikuwa namsikia mara moja tu."

Kwa hapana ile moja iliyoulizwa tena, tulimpata Mama LaVonne kwa miaka mingine kadhaa. Tunashukuru. Wajukuu walijua lefse zake. Kwaya ilikuwa na sauti yake kila kiangazi. Huko Mesa aliendesha Buick yake na kipande cha waya kikining'inia mbele, na watu wakimuuliza kama ni gari la umeme alisema ndiyo, ila mwisho wa waya uko Dakota. Kila Novemba taulo lilisafiri chini ya kiti. Kila Aprili lilirudi na chupa ya achari ya maembe ya Gurtej kutoka Fresno, na Mama LaVonne akawa anapaka achari kwenye lefse, mbele ya akina mama wa kanisa, bila haya hata kidogo. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na hao wawili walikuwa marafiki.

Mwezi Machi alilala akiwa na Curt pembeni yake, dirisha wazi. Hakuteseka.

Buick ilirudi kwa lori, na Gurtej akaja nayo. Jumamosi alishuka kwenye ukumbi wa chini wa kanisa amevaa kilemba cheusi, akasimama karibu na mlango kama mgeni. Curt akamfuata.

"Gurtej, tunaomba ubebe jeneza pamoja nasi."

"Hapana, kaka. Hiyo ni kazi ya ukoo."

Curt hakuondoka. "Tafadhali. Ubebe nasi."

"Asante sana. Lakini hapana. Mimi ni dereva tu."

Ardis alikuwa anamimina kahawa, birika likabaki hewani. Sisi sote tulikuwa tunahesabu.

"Gurtej," Curt akasema, "nakuuliza mara ya tatu."

Gurtej akajifuta macho kwa kiganja. "Basi," akasema. "Kama nafasi ipo."

Ilikuwepo. Upande wa kulia, nyuma ya Curt.

Kwa Curt na watoto wake, kwa Ardis, na kwa Gurtej Dhaliwal, ambaye kwenye redio hii tunamhesabu miongoni mwa wafiwa, poleni sana, kutoka kwetu sote hapa studio. Mungu awafariji, na ampumzishe Mama LaVonne palipo na joto. Curt amepiga simu asubuhi ya leo. Buick iko bandani kwake, nyuma ya kanisa, na jana aliijaza tangi hadi juu.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, kuuliza si ujinga. Yupo mtu uliyemuuliza mara moja, akakujibu hapana, usijisumbue, na ukamshukuru ukaenda zako. Leo rudi kwake. Muulize tena. Akisema hapana, vuta kiti, ukae.