Gundi Ikauke Kwanza

VIOLETH: Haloo? Nesi Theonest? Nimeukalia huo mpira wako wa mazoezi, ila unateleza —

THEONEST: Tandika kitenge chini yake. Simu umeweka spika?

VIOLETH: Iko spika, juu ya stuli. Uchungu ulikuwa unakuja kila dakika kumi, sasa saba.

THEONEST: Ukifika tano, jirani yako Baba Frank akulete zahanati kwa pikipiki yake. Nyayo zote chini. Panua magoti. Sasa zungusha kiuno, taratibu.

VIOLETH: Aaah...

THEONEST: Hivyo hivyo, mama. Zungusha. Usibane pumzi, iachie.

VIOLETH: Aaah — [mlango wa bati unagonga ukuta] Ngusa! Umerudi saa —

NGUSA: Yuko wapi? Huyo mwanamume yuko wapi?

VIOLETH: Ni nesi! Yuko kwenye simu! Weka chini panga —

NGUSA: Siku tisa niko shimoni mgodini, mimi mume wako, wewe unamzungushia mtu kiuno!

[Pigo. Upepo unatoka mpirani kwa mluzi mrefu.]

VIOLETH: Mayu wane, mama yangu! Mkono wangu!

THEONEST: Violeth! Tumbo —

VIOLETH: Hajaligusa. Panga limepita kwenye mpira. Na mkono.

THEONEST: Ufunge kwa kanga. Kaza.

NGUSA: Wewe ni nani?

THEONEST: Shikamoo, kaka.

NGUSA: Maraha— Nimekuuliza, wewe nani?

THEONEST: Mkunga. Mkeo anaumwa uchungu wa kuzaa. Mpira ule unamsaidia mtoto kushuka, na umeupasua.

NGUSA: Mwanamume, mkunga?

THEONEST: Mwaka wa kumi na moja huu.

NGUSA: Nilisikia sauti, nesi. Nikadhani...

THEONEST: Na mwezi wa nane ulisikia sauti? Alikuja kliniki jicho limevimba hadi limeziba. Akaniambia ni mlango. Laza panga chini. Nataka nilisikie.

[Chuma kwenye saruji.]

THEONEST: Ahsante. Violeth, mkojo ukijaa mtoto hashuki. Nenda choo cha kwa Mama Frank.

VIOLETH: Kwa Mama Frank... Na kadi ya kliniki?

THEONEST: Nenda tu, mama.

NGUSA: Choo chetu kina nini?

THEONEST: Kaka, una viraka vya baiskeli?

NGUSA: Vipo.

THEONEST: Mpira wake uuzibe wewe mwenyewe. Futa vumbi. Sugua kwa msasa, pande zote mbili za mpasuko.

NGUSA: Nasugua...

THEONEST: Taratibu. Paka gundi, kidogo tu. Kisha hesabu mpaka mia.

NGUSA: ...themanini na moja, themanini na — mbona anakawia?

THEONEST: Mwenye uchungu hakimbizwi. Umefika mia?

NGUSA: Mia. Nimebandika. Nijaze upepo?

THEONEST: Hapana. Gundi ikauke kwanza. Upepo utajaza kesho.

NGUSA: Kesho? Si anazaa leo?

[Pikipiki inawaka nje.]

NGUSA: Hiyo pikipiki — Violeth! Violeth!

THEONEST: Kandamiza kiraka, kaka. Usiachie, nakuomba usia—

[Tii, tii, tii. Salio la Violeth limekwisha.]