Mkalimani wa Madukani Anaiaga Masjala

Na Immakulata Ndayikeza, karani wa masjala

Ijumaa, tarehe 30 Juni 1995, Mzee Tharsisi Nkunzimana atakabidhi funguo za masjala hapa Kasulu baada ya miaka thelathini na saba ya utumishi. Aliingia kazini Februari 1958 akiwa karani mdogo, na cheti cha shule ya misheni na suruali moja ya kazini. Anatoka akiwa karani mkuu, na suruali tatu, kwa hesabu yake mwenyewe.

Amefanya kazi Kasulu, akahamishiwa Kibondo miaka kumi na miwili, kisha akarudi. Mimi nimekaa meza inayotazamana na yake tangu 1983. Amenifundisha kupiga chapa bila kutazama vidole, kufunga jalada kwa uzi usioteleza, na kuandika tarehe juu ya kila kitu, hata kikaratasi cha kuagiza sukari. Hatoi jalada bila sahihi. Aliwahi kumnyima mkubwa mmoja ambaye sitamtaja, na mkubwa huyo alirudi kesho yake na kalamu mfukoni.

Hayo wengi mnayajua. Jambo ninalotaka kulieleza hapa ameniruhusu mwenyewe kuliandika, na alipoisoma rasimu alinisahihisha tarehe mbili.

Zamani, nje kidogo ya mji, palikuwa na usheikh mdogo wa Waarabu pale Madukani: nyumba kama thelathini, msikiti, na maduka ya nguo na chumvi. Serikali ya Mwingereza ilimtambua sheikh wao, ikampa kiti katika baraza na joho la kuvaa siku za sherehe. Sheikh Saady alipofariki mapema mwaka 1959, kiti hicho kilitakiwa na watu wawili. Mmoja alikuwa Abdulrahmani, mdogo wake. Wa pili alikuwa Kudra, mwanawe wa pekee, aliyezaliwa na Bi Safina, mwanamke wa Kiha kutoka vilima vya Kibondo.

Hoja ya Abdulrahmani ilikuwa fupi: Bi Safina hakuwa mke wa ndoa, alikuwa mtumishi wa nyumbani tu. Aliyewafungisha ndoa alikwisha kufariki. Bwana Shauri, ofisa Mwingereza aliyetumwa kuamua, alikuwa na miezi minne nchini na Kiswahili cha kuagizia chai. Alikuja na karatasi ya maswali na mkalimani wake, karani Tharsisi, aliyekuwa na miaka kumi na tisa.

Swali la tatu kwa Bi Safina lilikuwa jina la baba wa marehemu Sheikh Saady. Bwana Shauri aliona kwamba mke wa kweli hawezi kukosa kulijua. Hakujua kwamba kwa watu wa kwao Bi Safina mke hatamki jina la baba mkwe wake, hata akiwa peke yake shambani. Bi Safina alijibu kwa sauti ya chini, "Yule ni mkwe wangu, mie simtaji."

Tharsisi alitafsiri maneno mawili ya mwisho, akayaacha ya kwanza. Alitaka kuieleza mila yenyewe, lakini Bwana Shauri aliinua mkono na kuuliza swali lililofuata, na karani akalitafsiri hilo. Aliogopa kupoteza kazi. Hajawahi kutoa sababu nyingine. Jaladani ikaandikwa kwamba shahidi hajui jina la baba wa mtu anayemwita mumewe, na kwa hiyo si mke. Abdulrahmani akavikwa joho.

Usheikh wenyewe haukudumu. Miaka minne baadaye, nchi ikiwa huru, vyeo vya namna hiyo vilifutwa na joho likaliwa na nondo. Karatasi ikabaki. Kudra alihamia Kibondo na mama yake, akafungua duka la chumvi na vitenge. Bi Safina hakuwahi kudai kiti. Alidai jambo moja tu, kwamba siku akifa alazwe kando ya mumewe. Mwaka jana kamati ya makaburi ya Madukani ilimjibu kwa barua kuwa uwanja ule ni wa masheikh na wake zao wa ndoa, na kwamba uamuzi wa 1959 uko wazi.

Novemba iliyopita Kudra alikuja masjala kuomba nakala ya jalada hilo. Hakujua anazungumza na nani. Mzee Tharsisi, ambaye hupata jalada lolote kabla chai haijapoa, alimwambia arudi baada ya siku tatu. Nilishangaa. Awali, tulipoondoa majalada stoo kupisha mablanketi ya wakimbizi kutoka Burundi, lile alilibeba mwenyewe kwapani, peke yake, na mahali alipoliweka palikuwa hatua nne kutoka kiti chake.

Siku hizo tatu hakunitania hata mara moja. Siku ya tatu alinisomea ukurasa mmoja alioandika kwa mkono: alichosema Bi Safina, alichotafsiri yeye, na alichokiacha. Chini aliweka sahihi na cheo chake cha siku ile, mkalimani. Akaugonga mhuri wa kupokelewa na kuutia jaladani kama barua nyingine yoyote.

Kudra alipousoma aliondoka bila kuaga. Wiki mbili baadaye alirudi na mama yake katika gari la kukodi, akasema, "Mzee, twende ukayasome hayo mbele yao."

Nilikwenda nao hadi Madukani, kwa kamati ya makaburi. Mzee Tharsisi alisoma akiwa amesimama. Katibu wa kamati, mtu mwenye haraka zake, alisema mambo yangekuwa mepesi kama bibi angelitaja tu jina lile sasa, maana siku hizi nani anajali. Bi Safina alikuwa amekaa mkekani. Alimtazama, akasema, "Sikumtaja wakati mwanangu ananyang'anywa kiti. Leo nimtaje kwa ajili ya shimo?"

Mwenyekiti, ambaye ni mjukuu wa Abdulrahmani, aliomba kalamu. Aliandika jina la Bi Safina katika orodha ya wake, kisha wakatoka kwenda kumwonyesha mahali pake.

Simpambi Mzee Tharsisi. Alichelewa miaka thelathini na mitano, na yeye husema hivyo kabla hujamwambia. Alipopiga magoti kumwomba radhi, Bi Safina alimwambia, "Siku ile ulikuwa umekonda mno, mwanangu. Nilidhani una njaa, na sikuwa na kitu cha kukupa." Mzee alilia. Mimi pia nililia, ingawa sikuwa nimetafsiri lolote.

Sasa anarudi Kitahana kwa mkewe, Mama Aline, kwenye migomba na kahawa. Masjala inamshukuru kwa kazi yake yote. Mzee wetu, tunakuombea afya, usingizi mwema, na wajukuu wanaorudisha vitu walikovitoa.

Amekataa hotuba ndefu na amekataa kuchaguliwa zawadi. Ameomba jambo moja tu, kwamba orodha ya wageni wa heshima katika programu hii ya kumuaga aiandike mwenyewe. Jina la kwanza, kwa mwandiko wake, ni Bi Safina, mjane wa Sheikh Saady.