Shangazi Antena, Mtetezi wa Vifaa Vikongwe

Baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi, leo Ijumaa tarehe 30, fundi mkuu wa kitengo chetu cha mitandao ya majumbani anastaafu. Kwenye barua za ofisi ana jina lingine. Sisi tunamjua kama Shangazi Antena.

Alianza kwa kuvuta nyaya za simu juu ya dari, akishuka na utando wa buibui kichwani kama mtandio. Waifai ilipoingia, wengi wetu tulikimbilia kasi. Yeye akaja na utaratibu wake: kabla boksi la ruta, kile kifaa kinachorusha intaneti nyumbani, halijafunguliwa, kila kifaa cha nyumba kiletwe mezani, kikongwe kitangulie. Alikichunguza kimoja kimoja kama daktari na mgonjwa wake. Tulimtania sana kwa hilo.

Kisha wenzake wawili wakamfungia ruta mpya fundi cherehani mmoja mzee. Waliiweka ipokee viwango vipya vya mawasiliano pekee, wakaipima kwa simu zao, wakaondoka wakitabasamu. Jioni tableti ya zamani ya mzee, isiyojua viwango hivyo, ikagoma. Mkewe alikuwa ng'ambo kwa binti yao akitibiwa moyo, na kila jioni walizungumza kwa tableti hiyo. Wajukuu walimnunulia mpya, haikumfaa: macho yake yalikuwa hayaoni vizuri, na vidole vilijua pa kubonyeza kwenye ile ya zamani tu.

Shangazi aliwauliza wale wawili kama walikwenda kuunganisha nyumba au simu zao wenyewe. Akaenda mwenyewe, akafungua njia mbili: masafa ya gigahezi 2.4, kiwango cha zamani, kwa tableti na redio ya intaneti iliyokuwa jikoni. Masafa ya gigahezi 5, kiwango kipya, kwa simu za wajukuu. Kila njia aliipa nywila imara, maana kwake uzee wa kifaa si kisingizio cha kuacha mlango wazi. Hakutoka mpaka mzee alipompata mkewe hewani.

Leo idara nzima inafanya kazi kwa utaratibu huo, na simu za malalamiko zimepungua mno.

Shangazi, asante kwa subira yako, na kwa makaripio yaliyotuuma na kutufaa. Tunakuombea afya njema na asubuhi za kulala mpaka uchoke mwenyewe. Jambo moja tumekuficha: mama aliyeketi mstari wa mbele, kando ya yule mzee wa tableti, ni mkewe. Amepona, amerudi nyumbani, na ameomba akukabidhi zawadi kwa mkono wake.